KUTAWALA, KUTUNZA NA UWAKILI: UHAKIKI WA LUGHA YA IMANI YA KIKRISTO KUHUSU MAZINGIRA KATIKA MUKTADHA WA MUTUKA, BABATI

Ikisiri

Makala hii inahakiki msamiati ambao kwao imani ya Kikristo inazungumzia mazingira kwa Kiswahili. Maneno yanayochunguzwa ni kutawala, kutiisha, kulima, kutunza, uwakili, hifadhi na viumbe. Uhakiki unayaweka maneno hayo katika muktadha wa kata ya Mutuka, Mji wa Babati, Mkoa wa Manyara, yaani mahali ambapo msitu, ziwa, shamba na malisho vimekuwa na historia ndefu ya kugombewa. Makala inadai mambo matatu. Kwanza, ugumu wa mafundisho ya Kikristo kuhusu mazingira hautokani tu na aya ya utawala katika kitabu cha Mwanzo, bali pia na mwangwi ambao maneno ya tafsiri yamepata katika historia ya nchi. Pili, dhana ya uwakili, inayopendekezwa mara nyingi kuwa tiba, imebanwa na matumizi ya kifedha na inamwacha jirani nje ya picha. Tatu, Babati yenyewe ina mifano ya utunzaji, hususan misitu ya jadi na msitu wa Duru-Haitemba, inayoonyesha kwamba utunzaji hudumu pale unapoambatana na haki ya wanaotunza.

1.0 Utangulizi

Mutuka ni mojawapo ya kata za Halmashauri ya Mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara ulioanzishwa mwaka 2002 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Arusha. Kiutawala kata hiyo ni mji. Kimaisha ingali sehemu ya nchi ya wakulima na wafugaji. Mahindi na mbaazi hulimwa pamoja katika shamba moja, ng'ombe hupita kando ya mashamba, na kuni na mkaa bado ni nishati ya jikoni. Mlima Kwaraa, wenye msitu wa hifadhi wa Ufiome, unausimamia mji. Ziwa Babati, lenye viboko, liko ubavuni mwake. Mlima Hanang uko upande wa kusini-magharibi, na Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, iliyotangazwa mwaka 1970, upande wa kaskazini.

Katika mandhari hiyo suala la mazingira si la nadharia. Mwaka 1990 Ziwa Babati lilifurika na kuingia mjini. Miaka mitano baadaye mtafiti Klas Sandström aliuliza kama mafuriko ya ziwa hilo yalikuwa jibu la mabadiliko ya uoto katika ardhi inayolizunguka. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang na kuua watu zaidi ya 80 katika mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Mahubiri, salamu za maaskofu na sala za mazishi ni sehemu ya namna jamii inavyoyaeleza matukio ya aina hiyo. Kwa hiyo maneno yanayotumika humo yanastahili kuhakikiwa kama matini nyingine yoyote yenye nguvu katika jamii.

Kazi zinazohusu Kanisa na mazingira huelekea kupima uelewa wa waumini au idadi ya miti iliyopandwa. Vipimo hivyo vina manufaa, lakini vinapita juu ya swali la awali: muumini anaposikia kwa Kiswahili kwamba binadamu amepewa nchi aitiishe, anasikia nini? Makala hii inashughulikia swali hilo. Haitoi data za uwandani wala haisemi kwa niaba ya wakazi wa Mutuka. Inaichukulia kata hiyo kuwa mahali pa usikivu, yaani muktadha ambamo maneno yanatua na kupata uzito. Ikumbukwe pia kwamba Wagorowa na Wairaqw, ambao ni sehemu kubwa ya wakazi wa asili wa eneo la Babati, wana lugha za Kikushi. Kwao Kiswahili cha Biblia ni tafsiri kwa maana mbili: kimetoka katika lugha nyingine, na kinaingia katika lugha nyingine tena.

2.0 Mkabala wa Uhakiki

Makala inaongozwa na uhakiki wa kiikolojia, ambao kwa mujibu wa Cheryll Glotfelty (1996) ni uchunguzi wa uhusiano uliopo baina ya fasihi na mazingira ya kimaumbile. Mkabala huo unachukulia kwamba matini haizungumzii ardhi tu, bali inashiriki kuamua jinsi ardhi inavyotendewa. Kwa kuwa matini inayohakikiwa ni ya kidini, mkabala huo unahitaji kukutanishwa na mjadala wa kiteolojia.

Mjadala huo ulichochewa na makala ya mwanahistoria Lynn White katika jarida la Science mwaka 1967. White alidai kwamba Ukristo wa Magharibi ndio dini iliyomweka binadamu katikati kuliko zote, na kwamba kwa kuziondoa roho katika miti, chemchemi na vilima, uliwaruhusu watu kuvitumia vitu hivyo bila hofu. Hata hivyo, White hakushauri dini iachwe. Alimpendekeza Fransisko wa Assisi kuwa msimamizi wa wanaikolojia, na mwaka 1979 Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu huyo kuwa msimamizi wa ikolojia.

Majibu kwa White yamekuwa ya aina mbili. Kundi la kwanza linasema amesoma Mwanzo 1 bila Mwanzo 2, na kwamba binadamu wa Biblia ni wakili, si mmiliki. Waraka wa Papa Fransisko wa mwaka 2015, Laudato si', uko karibu na jibu hilo pale unapokataa usomaji unaomfanya binadamu kuwa mtawala asiye na mipaka. Kundi la pili, ambamo yumo Clare Palmer (1992), linaitilia shaka dhana ya uwakili yenyewe kwa sababu bado inamweka binadamu juu ya viumbe wengine, akimwakilisha mwenye mali asiyeonekana. Makala hii inakubali sehemu ya kila jibu, lakini inaona kwamba yote mawili yamejengwa juu ya lugha za Ulaya. Katika Kiswahili tatizo lina sura nyingine.

3.0 Kutawala na Kutiisha: Mwangwi wa Historia

Biblia ya Muungano iliyochapishwa mwaka 1952, ambayo ndiyo iliyokita zaidi katika masikio ya Wakristo wa Tanzania, inatumia vitenzi kutiisha na kutawala katika Mwanzo 1:28. Vitenzi vya Kiebrania vilivyo nyuma yake ni kabash na radah. Kwa kigezo cha usahihi, wafasiri hawana kosa: kabash kweli ni kitenzi cha kushinda na kuweka chini ya nguvu, na radah ni kitenzi cha kifalme.

Lakini tafsiri sahihi inaweza kuwa na mwangwi ambao mfasiri hakuukusudia. Kutiisha ni kumfanya mtu atii. Kitenzi hicho kinahitaji upande wa pili ambao ulikuwa haujatii. Ardhi inayotiishwa, basi, inaonekana kuwa asi. Kutawala nako ni neno la dola. Tafsiri hiyo ilitolewa wakati Tanganyika ingali chini ya Uingereza, na tangu hapo mtawala, utawala na kutawaliwa vimekuwa maneno ya ukoloni na, baada ya Uhuru, ya ofisi ya serikali. Aidha, Biblia ya Muungano inaita dunia nchi, neno ambalo leo kwa msikilizaji wa kawaida ni kwanza jina la taifa. Msikilizaji anayeunganisha nchi, kutiisha na kutawala anapata sentensi ya kisiasa kabla hajapata sentensi ya uumbaji.

Hapa panahitajika tahadhari. Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba maneno hayo yanamfundisha msikilizaji kuwa mkoloni wa ardhi yake. Hitimisho hilo halifuati lazima. Jamii iliyowahi kutawaliwa inaweza kusikia neno kutawala kwa shaka, na shaka hiyo inaweza kuwa mwanzo wa usomaji bora zaidi. Ezekieli 34 inatumia kitenzi kilekile, radah, kuwashutumu wachungaji waliowatawala kondoo kwa ukali na kujilisha wenyewe. Kwa kipimo cha Biblia yenyewe, utawala usiolisha ni hatia. Katika eneo ambalo mchungaji ni mtu wa kila siku, na si picha ya kwenye kalenda tu, mhubiri ana njia ya wazi ya kuisoma Mwanzo 1 kwa kupitia Ezekieli. Udhaifu wa mafundisho mengi ni kwamba huikimbia aya ya utawala na kuhamia moja kwa moja kwenye bustani ya Edeni. Aya isiyofafanuliwa haiachi kufanya kazi. Inafanya kazi bila msimamizi.

4.0 Kulima, Kutunza na Ndugu Aliyesahauliwa

Mwanzo 2:15 inampa mtu kazi mbili katika bustani: kulima na kutunza. Aya hii hupendwa katika mafundisho ya mazingira, na kwa sababu nzuri. Hata hivyo, kila kitenzi kina upotevu wake katika tafsiri.

Kulima kunatafsiri abad, kitenzi ambacho katika Kiebrania kina maana pana ya kufanya kazi na kutumikia, na hutumika pia kwa ibada. Mtu wa bustani, kwa hiyo, anaitumikia ardhi. Kiswahili kimebakiza jembe na kupoteza utumishi. Upotevu huo si mdogo katika Manyara, ambako neno kulima limewahi kutumika kama hoja ya kutwaa ardhi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 mradi wa ngano uliofadhiliwa na Kanada ulichukua malisho ya Wabarabaig katika nyanda za Basotu, Hanang. Ardhi isiyolimwa ilihesabiwa kuwa tupu, ingawa ilikuwa na njia za mifugo, maji na makaburi ya wazee. Makaburi yalipitiwa na matrekta. Palepale ilipoonekana ardhi inaendelezwa, watu waliokuwa wakiitegemea walikuwa wakitiishwa pamoja nayo.

Kutunza kunatafsiri shamar, na hapa ndipo uhakiki wa tafsiri unapotoa tunda lake kubwa zaidi. Katika Mwanzo 4:9 Kaini, akiulizwa alipo ndugu yake, anajibu kwa swali lililojengwa juu ya kitenzi hichohicho cha shamar. Biblia ya Muungano inamfanya Kaini akane kuwa mlinzi. Msomaji wa Kiebrania anasikia neno moja: aliyepewa kuitunza bustani ndiye anayekataa kumtunza ndugu. Msomaji wa Kiswahili anasikia maneno mawili, kutunza na ulinzi, na uzi unakatika. Bustani inabaki suala la mazingira; ndugu anabaki suala la jinai.

Kukatika kwa uzi huo kuna matokeo ya kimaana. Simulizi la Kaini na Habili linamhusu mkulima na mfugaji, na adhabu ya Kaini inapitia kwenye udongo: ardhi iliyopokea damu inakataa kumpa mazao. Katika mkoa ambao wakulima na wafugaji wanagawana maji na malisho, hii ndiyo sura ya Mwanzo yenye ukaribu mkubwa kuliko zote, na bado hutazamwa zaidi kama somo la wivu wa familia. Kama kutunza bustani na kumlinda ndugu vingesomwa kwa kitenzi kimoja, mafundisho ya mazingira yasingeweza kuishia kwenye mche wa mti. Yangelazimika kuuliza nani yuko chini ya mto, nani anachota maji ziwani, mifugo ya nani imefungiwa njia, na mwanamke gani anatembea mbali zaidi kutafuta kuni baada ya mlima kufungwa.

Soko nalo halina budi kuingia katika usomaji huo. Mbaazi zinazopandwa pamoja na mahindi huurudishia udongo naitrojeni. Ni zao la biashara na ni utunzaji kwa wakati mmoja. Mwaka 2017 India, mnunuzi mkuu, iliwekea mipaka uingizaji wa mbaazi, na bei ikaporomoka. Mkulima anayefikiria kuacha mbaazi baada ya hasara ya namna hiyo hajapungukiwa imani wala elimu. Amebanwa na bei iliyoamuliwa mbali na Babati. Mahubiri yanayomweleza mkulima huyo kama mharibifu wa uumbaji yanampa lawama nzima kwa uamuzi ambao si wake peke yake.

5.0 Uwakili: Neno Lililobanwa na Neno Linaloweza Kufunguka

Neno ambalo makanisa hulitumia zaidi kuondoa ukali wa kutawala ni uwakili. Msingi wake ni mifano ya Injili ya Luka 12 na 16, pamoja na 1 Wakorintho 4, ambako wakili ni msimamizi wa mali ya bwana wake na hutakiwa kuwa mwaminifu. Hoja yake inaeleweka: dunia ni mali ya Mungu kama Zaburi ya 24 inavyokiri, na binadamu atatoa hesabu.

Hoja hiyo ina nguvu ya ziada nchini Tanzania kwa kuwa inashabihiana na sheria. Chini ya Sheria za Ardhi za mwaka 1999 ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Mkazi wa Mutuka ana haki ya kuitumia na kuimiliki kwa masharti. Dhana kwamba mtu anaweza kuwa na kitu bila kuwa mwenye nacho wa mwisho si ngeni kwake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayozuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka vyanzo vya maji, ni tawi la wazo hilohilo.

Pamoja na hayo, uwakili una matatizo mawili. La kwanza ni la matumizi. Katika makanisa kadhaa ya Kiprotestanti, yakiwemo ya Kilutheri na ya Kiadventista, uwakili limekuwa neno la idara na la utoaji: zaka, sadaka, ahadi, mavuno. Muumini akiitwa kwenye semina ya uwakili, mkono unaelekea mfukoni. Neno lililozoea bahasha haliwezi kuhamishiwa mlimani kwa tangazo la siku moja. Hata Sikukuu ya Mavuno, ambayo ingeweza kuwa ibada kuu ya ikolojia kwa watu wa shamba, hujikita katika kile kilichotoka shambani na kuletwa madhabahuni. Hali ya shamba lenyewe haiulizwi. Gunia linahesabiwa; udongo uliolitoa hauhesabiwi.

Tatizo la pili ni la kimuundo. Mfano wa wakili una wahusika wawili, bwana na mtumishi, na kati yao iko mali. Ardhi, wanyama na maji vinaingia katika mfano vikiwa mali tu. Jirani haonekani kabisa, au anaonekana kama mdaiwa. Hapa shaka ya Palmer ina mashiko. Wakili anaweza kuwa mwaminifu kwa bwana wake na bado akawa mkatili kwa wote walio chini yake.

Hata hivyo, Kiswahili kina nafasi ambayo Kiingereza hakina. Katika matumizi ya leo wakili ni kwanza mtu wa mahakamani: anayesimama upande wa mwingine na kusema kwa niaba yake. Maana hiyo imezoeleka kiasi kwamba msikilizaji kijana anaweza kuisikia kabla ya maana ya Luka. Wanaofundisha wanaweza kuiona kama kikwazo cha kuondolewa kwa maelezo. Makala hii inaiona kama mlango. Binadamu akiwa wakili wa viumbe kwa maana ya mahakama, uhusiano unageuka: viumbe havibaki kuwa mali iliyowekwa mikononi mwake, vinakuwa mteja ambaye hana sauti barazani. Warumi 8 inasema uumbaji unaugua kwa utungu. Anayeugua ana shauri lake. Usomaji huo hauondoi wajibu wa kutoa hesabu kwa Mungu, ila unauongezea wajibu wa kutetea, na utetezi daima unamhitaji mtetezi asikilize kwanza.

Pingamizi linaweza kutolewa kwamba maana ya kisheria si maana ya Agano Jipya, na kwamba kuitumia ni kuipotosha matini. Pingamizi hilo lingekuwa zito kama maana hiyo ingetolewa kuwa tafsiri ya Luka 16. Haitolewi hivyo. Inatolewa kama matumizi ya neno ambalo lugha yenyewe imelipanua, na inapimwa kwa Warumi 8 na Ezekieli 34, si kwa kamusi peke yake.

6.0 Hifadhi, Qaymanda na Duru-Haitemba

Neno jingine linalohitaji uhakiki ni hifadhi. Katika lugha ya kawaida kuhifadhi ni tendo jema: kuweka salama, kusitiri. Katika ukanda wa Babati neno hilo limebeba uzoefu mwingine. Jirani upande wa kusini, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianzishwa mwaka 1973 kukabili mmomonyoko, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoathirika la Kondoa. Uoto ulirudi, wenye mifugo walitafuta pa kwenda. Hifadhi, basi, ni pia mpaka, askari na faini. Kanisa linapoazima neno hilo bila kulichuja, linaazima na kumbukumbu hizo.

Kabla ya hifadhi za serikali, Wagorowa walikuwa na misitu ya jadi iitwayo qaymanda, iliyotengwa kwa mikutano na ibada za wazee, ambamo ukataji ulikatazwa. Carl Åke Gerdén na Simon Mtallo waliiandikia ripoti mwaka 1990 wakionyesha kwamba misitu hiyo midogo ilikuwa imetapakaa wilayani. Katika imani ya Wairaqw nako, chemchemi na vijito ni makao ya roho waitwao netlangw, na kwa sababu hiyo chanzo cha maji hakikuguswa ovyo. Mafundisho yanayowaweka roho hao katika kundi la mashetani yanabadili pia hadhi ya chemchemi. Hofu ikiondoka na heshima isiwekwe mahali pake, chemchemi inakuwa maji tu. Hiki ndicho White alichokieleza kwa historia ya Ulaya. Wangari Maathai, mwanzilishi wa Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka 1977 na Mkristo aliyelelewa na watawa wa Kikatoliki, alikieleza kwa mugumo wa Wakikuyu.

Si haki, hata hivyo, kuutwisha Ukristo mzigo wote. Babati ina Waislamu wengi pia, na operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu mbali na maeneo ambayo mamlaka ya wazee yalikuwa na mizizi. Wala si sahihi kuichora qaymanda kama ikolojia isiyo na doa. Ilikuwa pia taasisi ya mamlaka ya wanaume wazee. Linalodaiwa ni dogo na la uhakika zaidi: mahali patakatifu palikuwepo kabla ya kampeni ya kupanda miti, na teolojia inayopanda mche bila kulitaja jambo hilo inaanza historia katikati. Laurenti Magesa, mwanateolojia Mkatoliki wa Tanzania, alionyesha mwaka 1997 kwamba katika maadili ya dini za Kiafrika kosa dhidi ya maumbile ni kosa dhidi ya uzima wenyewe. Mwanateolojia wa Babati ana msingi huo wa kujengea bila kulazimika kurudisha ibada za qaymanda.

Mfano wa pili ni wa karibuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilikusudia kuufanya msitu wa miombo wa Duru-Haitemba, wenye takriban hekta 9,000, kuwa msitu wa hifadhi wa serikali. Wanavijiji walipinga, na katika kipindi hicho cha mashaka uvunaji uliongezeka, kwa kuwa msitu ulioonekana kuwa karibu kupotea haukuwa na sababu ya kuachwa. Katikati ya muongo huo mwelekeo ulibadilishwa: vijiji vinane vilikabidhiwa msitu, vikatunga sheria ndogo na kuweka walinzi wao. Hali ya msitu ilitengemaa, na tajiriba hiyo ilichangia Sera ya Misitu ya mwaka 1998 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002.

Kwa uhakiki huu, Duru-Haitemba ni ufafanuzi wa neno kutunza ulioandikwa kwa vitendo. Watu walewale walioonekana kuwa waharibifu walikuwa walinzi ndani ya muda mfupi, bila kubadilishiwa dini wala kuongezewa mahubiri. Kilichobadilika ni haki yao juu ya msitu. Mafundisho yanayodhani kwamba uharibifu hutokana kwanza na moyo mbaya hayana budi kujibu hoja ya mfano huo.

7.0 Viumbe na Maafa

Neno mazingira, lenye asili katika kuzingira, linamweka binadamu katikati na kuvipanga vingine pembeni yake. Neno kiumbe linafanya kinyume: linatokana na kuumba, na linamjumuisha binadamu, kiboko wa Ziwa Babati na ng'ombe wa jirani kwa upatanisho mmoja wa kisarufi. Msemo unaotumiwa sana katika matangazo ya Kikatoliki ya Kiswahili kufuatia Laudato si', yaani nyumba ya wote, una faida hiyo pia. Unaifanya dunia kuwa mahali pa kukaa pamoja. Udhaifu wake ni kwamba nyumba ina vyumba, na msemo hausemi nani analala sebuleni.

Maafa ya Hanang ndiyo kipimo cha mwisho. Maelezo yaliyotolewa na serikali ni kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua, ikapasuka na kuporomoka, ikazalisha tope. Mbele ya maafa hayo lugha ya imani ina mitego miwili. Wa kwanza ni kusema ni mapenzi ya Mungu na kunyamaza. Wa pili, ambao unafanana na ikolojia, ni kusema ni malipo ya kukata miti. Ukataji wa miti ni uovu wa kweli na mara nyingi huongeza mmomonyoko, lakini si kila mlima unaoanguka umeangushwa na shoka. Kuwaambia wafiwa wa Katesh kwamba walivuna walichopanda ni kosa la marafiki wa Ayubu. Ni muhimu kukumbuka kwamba jibu la Mungu katika kitabu cha Ayubu linaitaja mvua inyeshayo mahali pasipo na mtu na wanyama wasiomhitaji binadamu. Uumbaji huo haukuwekwa ili kumwadhibu wala kumhudumia binadamu. Huenda hiyo ndiyo sura yenye faraja zaidi kwa watu wanaoishi chini ya mlima, kwa kuwa inawaruhusu kuomboleza bila kushtakiwa, kisha kuuliza kwa utulivu wapi pa kujenga.

8.0 Hitimisho

Uhakiki umeonyesha kwamba mafundisho ya Kikristo kuhusu mazingira kwa Kiswahili hayapungukiwi maandiko. Yanapungukiwa uangalifu wa maneno. Kutawala kunahitaji kufafanuliwa kwa Ezekieli 34 badala ya kukimbiwa. Kulima kunahitaji kurudishiwa maana ya kutumikia. Kutunza bustani kunahitaji kuunganishwa tena na kumlinda ndugu, kama Kiebrania kilivyoviunganisha. Uwakili unahitaji kutolewa katika bahasha na kupewa sauti ya mahakama. Hifadhi inahitaji kuchujwa kwa kumbukumbu za wale waliofukuzwa kwa jina lake.

Viongozi wa dini wamekwisha kuthibitisha kwamba madhabahu inaweza kuotesha misitu. Askofu Fredrick Shoo wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania alipata jina la Askofu wa Miti kwa kazi yake katika miteremko ya Kilimanjaro. Swali kwa Babati ni miti hiyo itakuwa ya nani, na nani atakuwa na haki ya kuikaa kivuli. Duru-Haitemba ilikwisha kulijibu kwa upande wa sheria. Kwa upande wa teolojia, jibu linaanzia kwa mtu anayehubiri Mutuka siku ya Jumapili akiwa na Mwanzo 2 mkono mmoja na Mwanzo 4 mkono wa pili, asikubali kuzisoma kama habari mbili tofauti.